Bei Hupangwa Mezani: Juu ya Kazi ya Profesa Justinian Rweyemamu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa sasa na wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Songea



Nimeombwa nizungumze juu ya uchumi. Mwenyekiti ameniagiza nisipite nusu saa, na nisilete takwimu nyingi kwa kuwa watu watakuwa wamekwisha kula. Agizo la kwanza nitalitii. La pili nitajitahidi. Nimeona badala ya kuwapa somo niwaeleze habari za mtu mmoja na kazi aliyoifanya, kwa sababu kazi yake inahusu kahawa ya Mbinga na tumbaku ya Namtumbo kuliko inavyodhaniwa.

Jina lake ni Justinian Rweyemamu. Asubuhi nimeingia katika darasa moja la Kidato cha Tano, nikauliza ni nani aliyepata kulisikia. Hapakunyanyuka mkono hata mmoja. Siwalaumu vijana. Mtu huyu alifariki mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 40 hivi, na sisi tuna desturi ya kuwasahau upesi watu wa vitabu.

Alizaliwa Bukoba mwaka 1942, katika nchi ya migomba na mibuni. Alikwenda Marekani, akasoma Chuo Kikuu cha Fordham kule New York, kisha Harvard, na huko akapata udaktari wa uchumi. Siku zile Watanzania wenye shahada hiyo walihesabika kwa vidole. Alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa profesa na Mkuu wa Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii.

Pale Mlimani palikuwa panachemka. Mwaka 1972 Walter Rodney, mwalimu wa historia aliyetoka Guyana, alitoa kitabu chake mashuhuri juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mwaka uliofuata Rweyemamu naye akatoa chake, Underdevelopment and Industrialization in Tanzania. Rodney aliandika kwa moto. Rweyemamu aliandika kwa majedwali. Ndiyo maana wa kwanza anasomwa hata leo na wa pili amebaki rafuni, ingawa kwa maoni yangu mtu anayetaka kuijua Tanzania hasa angeanza na huyu wa pili.

Hoja yake nitaisema kwa maneno yangu mwenyewe. Alisema viwanda tulivyorithi, na vingi tulivyojenga baada ya Uhuru, vilikuwa vimepinda. Kiwanda kilichonyooka hununua mali ghafi kwa mkulima wa jirani, hununua vipuri kwa fundi wa mji ule ule, na bidhaa zake hutumiwa na kiwanda kingine au na wananchi walio wengi. Kilichopinda huagiza mashine kutoka ng'ambo, huagiza mali ghafi kutoka ng'ambo, hutengeneza vitu vya wachache wenye fedha, na faida yake hupanda meli kurudi ilikotoka mashine. Ukikiangalia kwa nje unaona moshi unatoka bombani, unasema tumeendelea. Kumbe ni mti uliopandwa hapa, mizizi iko kwa wenyewe.

Nitawapa mfano unaowagusa wakulima wa mahindi wa mkoa wetu. Mwaka 1972 kilianza kazi kiwanda cha mbolea kule Tanga. Mbolea ni kitu cha maana, hakuna abishaye, na Ruvuma bila mbolea mnaijua wenyewe. Lakini mali ghafi za kiwanda kile zililetwa kwa meli kutoka nje. Kila fedha za kigeni zilipopungua, mbolea nayo ilipungua. Na fedha za kigeni zilipungua kila bei ya mazao yetu iliposhuka London na New York. Kwa hiyo mkulima wa mahindi wa Songea, ambaye hajapata kuuza hata debe moja ng'ambo, alikuwa ameshikwa shingo na bei ya kahawa na katani. Kiwanda kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hapo ndipo Rweyemamu alipotoka kwenye viwanda akaingia kwenye biashara ya mataifa, na kutoka biashara akaingia kwenye siasa. Aliona huwezi kuvitenga vitu hivyo vitatu. Katikati ya miaka ya 1970 aliitwa Ikulu kuwa mshauri wa Mwalimu Nyerere katika mambo ya uchumi. Mwalimu mwenyewe wakati huo alikuwa akizunguka dunia na mfano wake wa trekta: kwamba mwaka 1965 Tanzania iliweza kununua trekta moja kwa kuuza tani 17 na robo za katani, na mwaka 1972 trekta lile lile lilihitaji tani 42. Trekta halikuongezeka magurudumu, wala mkata mkonge hakuwa amegeuka mvivu.

Nani basi anayepanga bei? Vitabu vya shule hutuambia ni wauzaji na wanunuzi wanapokutana. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Nataka nikae kidogo kwenye kahawa, kwa sababu habari ya kahawa ni darasa zima.

Mwaka 1962 nchi zinazolima kahawa na nchi zinazoinywa zilifanya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Kila nchi mkulima iligawiwa kiasi cha kuuza, soko lisifurike, bei isianguke. Sasa jiulizeni, Marekani, mnywaji mkubwa kuliko wote, ilikubali vipi mkataba unaomfanya mnywaji wake alipe zaidi? Ilikubali kwa sababu ya Cuba. Mapinduzi ya Fidel Castro yalikuwa ya mwaka 1959, na Washington iliogopa kwamba wakulima wa kahawa wa Brazil na Colombia wakifa njaa, nao wataufuata mfano huo. Bei nzuri ya kahawa ikawa kinga dhidi ya ukomunisti. Na Mmatengo aliyekuwa akipalilia mibuni yake milimani Mbinga, asiyejua Cuba iko upande gani wa dunia, akapata sehemu ya kinga hiyo.

Katika miaka ya 1980 mkataba ulijaribu kuiweka bei kati ya senti 120 na 140 za Marekani kwa ratili moja. Mwezi Julai 1989 utaratibu wa mgao ukavunjika, wakubwa wakakataa kuufufua. Zilikuwapo sababu za kibiashara, za ubora na za nani apunguziwe mgao, lakini hofu ile ya zamani nayo ilikuwa imekwisha; miezi minne baadaye ukuta wa Berlin ulianguka. Katika muda mfupi bei ya kahawa ikashuka karibu nusu. Kisha Vietnam ikapanda kahawa kwa wingi usio kifani, na kufikia mwaka 2001 ratili moja ilikuwa chini ya senti 50.

Mwaka huo nilikuwa hapa, Kidato cha Tano. Wenzetu kadhaa kutoka Mbinga walichelewa kufungua shule kwa kukosa ada, na mmoja, kichwa kikali cha hesabu, hakurudi kabisa. Bwenini tulibishana sana. Mmoja alisema wanunuzi ni wezi. Mwingine alisema wazee wameacha kutunza mibuni. Mwingine alisema Serikali. Hapakuwa na hata mmoja aliyesema Cuba.

Nirudi kwa Profesa. Mwaka 1977 iliundwa tume ya watu mashuhuri chini ya Willy Brandt, aliyepata kuwa Kansela wa Ujerumani Magharibi, ichunguze uhusiano wa nchi tajiri za Kaskazini na nchi maskini za Kusini. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Ndugu Amir Jamal, Waziri wetu. Rweyemamu alikwenda Geneva kufanya kazi katika sekretarieti ya tume hiyo. Yafaa vijana muelewe maana ya sekretarieti. Wakubwa hupiga picha, sekretarieti huandika. Anayeandika rasimu ya kwanza ameshapanga nusu ya yatakayokubaliwa, kwa maana wengine wote watakuwa wanasahihisha maneno yake.

Taarifa ya Brandt ilitoka mwaka 1980. Ilitaka bei za mazao ziimarishwe, vizuizi dhidi ya bidhaa za viwanda vya nchi changa vipunguzwe, na nchi maskini zipewe sauti katika vyombo vya fedha vya dunia. Mwezi Oktoba 1981 wakuu wa nchi 22 wakakutana Cancún, Mexico, Mwalimu akiwamo, kuzungumza mambo hayo. Reagan alikuwapo, na Bibi Thatcher alikuwapo. Waliagana kwa adabu, na hakikufuata kitu cha maana. Rweyemamu alikuwa amehamia Umoja wa Mataifa, New York. Mwaka uliofuata akafariki. Maandishi yake mengine yalichapishwa Dar es Salaam mwaka 1992, miaka kumi akiwa kaburini.

Mtu aweza kuuliza: kama Cancún ilishindikana, kazi ile yote ilikuwa ya nini? Na mimi nisiwadanganye kwamba nakubaliana na Profesa kwa kila jambo. Yeye na wasomi wengi wa rika lake waliiamini mno mipango ya Serikali. Waliona vizuri mkono wa mgeni mfukoni mwa mkulima, lakini mkono wa mwenyeji hawakuuona upesi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mamlaka za mazao zikachukua nafasi yake. Wazee wa hapa wanaukumbuka ushirika wa Ngoni-Matengo, ulioanzishwa mwaka 1936 kwa tumbaku ya moshi, ukaja kujulikana kwa jina la NGOMAT. Mwaka 1977 baridi kali iliyokuwa imeunguza mibuni ya Brazil ilipandisha kahawa hadi zaidi ya dola 3 kwa ratili, lakini sehemu iliyomfikia mkulima wetu ilikuwa ndogo kuliko ilivyostahili. Hilo halikuamuliwa London. Sheria ya kurudisha ushirika ilipitishwa mwaka 1982, na kuuangusha mti ni kazi ya siku moja, kuukuza ni ya miaka.

Hata hivyo swali lake halijazeeka. Tangu mwaka 2001 Ulaya inaruhusu nchi maskini zaidi, nasi tumo, kuingiza karibu kila bidhaa bila ushuru isipokuwa silaha. Kwa hiyo ushuru hautuzuii kuuza huko kahawa iliyokaangwa na kufungwa tayari. Mbona basi sehemu kubwa tunayouza ingali mbichi, magunia kwa magunia? Kwa sababu kukaanga, kuchanganya, kulipa nafasi katika rafu za maduka makubwa na kulijenga jina midomoni mwa watu ni nguvu za aina nyingine, na hazimo katika jedwali la ushuru. Bukoba, kwao Profesa, kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA kipo tangu miaka ya 1960. Aulizwe Mtanzania wa kawaida ni mara ngapi ameinywa.

Na siasa haijatoka mezani. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba polepole ili viwanda vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikatishia kutuondolea nafasi ya kuuza kwao bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi hiyo. Mwaka huo huo wa 2016 Tanzania ilikataa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya, Kenya na Rwanda zikatia. Ni nani aliyefanya vema? Wako watu makini pande zote mbili, nami kwa ajira yangu naomba mniruhusu ninyamaze.

Ila nitasema hili nililoliona kwa macho. Katika kikao kimoja cha majadiliano ya biashara, ujumbe wetu ulikuwa na watu watatu. Wenzetu wa upande wa pili walikuwa wanajaza safu mbili za viti: mwanasheria wa samaki, mwanasheria wa sukari, mtu wa takwimu wa kila zao. Ilipofika saa nane ya usiku wao walibadilishana zamu. Sisi tulikunywa chai. Kifungu kilichotuumiza kilipita saa kumi alfajiri, na kilikuwa na mistari miwili.

Mwezi Februari 2025 kahawa ilipita dola 4 kwa ratili, bei ambayo haikupata kuonekana. Nimesikia Mbinga watu wanapanda mibuni mipya, nami nafurahi. Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kuzaa. Ningependa wakati huo awepo mtoto wa mkoa huu anayejua kukisoma kifungu cha mistari miwili saa kumi alfajiri.

Nimepata nakala ya kitabu cha mwaka 1973, imechakaa jalada lakini kurasa zote zimo, na leo nimemkabidhi mwalimu wa maktaba. Kiingereza chake ni kigumu. Msiogope, rukeni majedwali mara ya kwanza, myarudie mara ya pili. Asitoke nacho mtu nje ya maktaba. Sasa niko tayari kwa maswali, na ningeomba waanze wale wa Kidato cha Tano niliowaona asubuhi.