Mabaki ya Kikapuni na Mabaki ya Sufuriani

(Hotuba iliyosomwa na mama mmoja, mwanachama, mbele ya wanachama na jamaa zao, Isiolo)



Leo sitasema habari za mshahara, bali za mahali mshahara unakokwenda, yaani sokoni na jikoni.

Sote twalijua soko letu. Mboga nyingi huletwa kwa gari kutoka upande wa Meru, na jua la hapa si la kule. Asubuhi sukuma wiki imesimama, jioni imelala. Mwuzaji hataki kulala nayo, basi hupunguza bei, na sisi tutokao kazini jioni ndio wanunuzi. Kesho yake kikapuni mna ndizi zenye madoa meusi, karoti zilizonywea na kipande cha boga. Wengi huwapa mbuzi. Mimi nasema, kabla ya mbuzi mtazame mtoto.

Lakini kwanza niseme kosa langu. Mtoto wangu wa pili alipokuwa na miezi 8, nilimpikia boga na viazi alfajiri, nikamwachia yaya sufuria nzima ili niokoe makaa. Mchana mtoto alikula, jioni akala tena. Usiku akaharisha na kutapika. Niliokoa makaa ya shilingi chache, nikapoteza siku 3 za kazi, na nusura nimpoteze mtoto. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Hapo ndipo nilipojua kuwa mabaki ni ya namna mbili. Mabaki ya kikapuni, yasiyopikwa bado, ni mali. Mabaki ya sufuriani, yaliyoshinda katika joto letu, ni hatari. Chakula cha mtoto kilichopikwa kisikae nje kupita muda wa saa mbili. Na kilichobaki katika bakuli lake asiwekewe cha baadaye.

Basi tufanye hivi:

1. Chagueni. Palipopondeka pakatwe. Lakini tunda laini lenye ukungu litupwe lote, maana ukungu huingia ndani pasipoonekana. Kiazi kilichogeuka kijani kisipewe mtoto.

2. Pikeni kidogo, cha mlo mmoja. Osheni mikono kwa sabuni, na mboga kwa maji safi. Kama mnapikia nyumba nzima, toeni fungu la mtoto kabla ya chumvi na pilipili. Boga, karoti au viazi vitamu vichemke mpaka vilainike, mwishoni tieni sukuma wiki iliyokatwa ndogo ndogo, kisha pondeni. Ongezeni mafuta kidogo, maana vitamini A ya mboga hizo, inayolinda macho, huingia mwilini vizuri pamoja na mafuta.

3. Mboga peke yake hazitoshi. Kuanzia miezi 6 mtoto huhitaji madini ya chuma kuliko yaliyomo katika maziwa ya mama. Ongezeni maharagwe yaliyopondwa, au nyama au ini lililosagwa. Papai au embe katika mlo huo husaidia mwili kuyapokea madini ya maharagwe.

4. Ndizi iliyoiva sana na papai hupondwa tu kwa uma, bila sukari. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1.

Chakula kiwe kizito, kisichomwagika kijikoni. Mtoto wa miezi 6 aanze na vijiko 2 au 3 vya mezani, mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 au 4. Na aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Akiharisha, msimnyime maziwa wala chakula. Mpeni maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, na mpelekeni upesi.

Ndugu zangu, kabla ya miezi 6 mtoto hahitaji kitu ila maziwa ya mama. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi 3 tu. Nayo Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea kazini. Mahali hapo tupadai kwa umoja. Nanyi akina baba, msiseme haya ni ya wanawake. Kuponda boga hakutaki cheo.