Longbridge: vijana wapewe nafasi ya kusema

Kiwanda cha magari cha Longbridge, kusini mwa Birmingham, kilipoanguka Aprili 2005, maelfu ya wafanyakazi walipoteza ajira. Kuzuia ukatili wa vijana katika mtaa wa namna hiyo hakuwezi kuachiwa polisi peke yao.

Tangu Januari 2023 sheria ya Uingereza na Wales inawataka polisi, halmashauri, idara za afya na zimamoto wapange pamoja kuzuia ukatili. Hatua njema, ila maofisa kuzungumza wenyewe kwa wenyewe hakutoshi; vijana nao wahusishwe.

Jiji la Glasgow, Scotland, lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2008 vijana wa magenge waliitwa mahakamani, si kuhukumiwa, bali kumsikiliza daktari wa upasuaji na mama akisimulia yaliyompata mwanawe. Kisha wakaahidiwa msaada wa masomo na kazi.

Halmashauri ya Birmingham, iliyokiri Septemba 2023 kuishiwa fedha, isianze kupunguza matumizi kwenye huduma za vijana.