Jina la Mwisho si Jina la Ukoo: Asili na Mtawanyiko wa Majina ya Karatu na Ngorongoro



1. Utangulizi

Desemba 2016 jarida la sayansi la eLife lilitangaza nyayo mpya za kale zilizopatikana Laetoli, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, zenye umri wa takribani miaka milioni 3.66. Miongoni mwa walioandika walikuwamo Watanzania Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, pamoja na Waitalia Marco Cherin na Giorgio Manzi. Majina yao yamekaa sehemu moja ya ukurasa, lakini yamefika hapo kwa njia tofauti. Mtu akitaka kuichunguza familia ya Kiitalia anaanza na jina la mwisho, kwa kuwa limerithiwa bila kubadilika kwa vizazi vingi. Anayetaka kuichunguza familia ya Karatu au Ngorongoro kwa njia hiyo hiyo atapotea katika kizazi cha pili au cha tatu.

Hoja yangu ni hii: sehemu kubwa ya majina ya mwisho yaliyomo katika vyeti vyetu si majina ya ukoo. Ni majina ya baba au babu, na karani aliyachukua pale mnyororo wa majina ya mtu, baba na babu ulipokutana na fomu. Ukoo wenyewe tunao, tena imara, ila haukuandikwa. Tukitaka kujua majina yetu yametoka wapi na yameenea wapi, lazima tuuandike sasa.

2. Waitalia walivyofika kwenye jina lisilobadilika

Nianze na Italia, kwa sababu fomu tunazojaza zimetokana na desturi ya Ulaya. Waitalia nao waliwahi kuitwa kwa jina la mtu na la baba yake. Majina kama Di Giovanni na De Luca bado yanaonyesha hivyo. Mengine yalitokana na kazi, kama Ferrari, la wahunzi. Mengine na mahali, kama Lombardi. Na mengine na sura ya mtu. Rossi na Russo yote mawili yanahusu wekundu wa nywele au wa uso, ila Rossi limeenea zaidi kaskazini na katikati ya nchi, na Russo kusini.

Kilichoyagandisha majina hayo ni daftari. Mtaguso wa Trento, katika uamuzi wake wa 1563, uliwaagiza maparoko kuandika ndoa na ubatizo. Jina likishaandikwa kwa baba, paroko huyo huyo au mrithi wake aliliandika kwa mtoto, kisha kwa mjukuu. Baadaye serikali ikachukua kazi hiyo. Waitalia walipoanza kuhama kwa mamilioni mwishoni mwa karne ya 19, jina lilikuwa limekwisha tulia. Wengi wa waliokwenda Marekani walitoka kusini, ndiyo maana Russo si jina geni New York. Waliotoka Veneto walikwenda kwa wingi kusini mwa Brazili, na majina ya Veneto yako huko hadi leo. Mtafiti akiweka orodha za majina juu ya ramani, anaona njia za wahamaji.

Hata hivyo Waitalia hawajamaliza mjadala. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliondoa utaratibu wa mtoto kupewa jina la baba peke yake, ikaamua kuwa kanuni ya kawaida ni kupewa majina ya wazazi wote wawili, wasipokubaliana vinginevyo. Kwa hiyo tunapojadili namna ya kuandika majina yetu hatuko nyuma ya mtu yeyote.

3. Mnyororo wa Karatu

Kwa Wairaqw wa Karatu, jina la mtoto mara nyingi lilieleza hali aliyozaliwa nayo. Aliyezaliwa wakati wa mvua aliweza kuitwa Tluway, na aliyezaliwa njiani Safari. Jina hilo ni lake binafsi. Akitaka kujieleza zaidi anataja la baba, kisha la babu, na wazee wanaweza kuendelea hadi mababu wa mbali. Ukoo, ambao Wairaqw huuita tlahhay, ni jambo jingine. Huo ndio unaosema nani asimuoe nani, na nani ana haki gani katika msiba au katika ardhi. Hauambatani na jina la mtu kila linapotajwa, kwa sababu jirani anaujua tayari.

Sasa tazameni fomu inavyoukata mnyororo huo. Nitatumia mfano wa kubuni. Mzee Tluway ana mwana aitwaye Safari, na Safari ana watoto watatu. Wa kwanza anabatizwa Paulo, parokiani anaandikwa Paulo Safari. Wa pili anaandikishwa shule na mwalimu anayetaka majina matatu, anakuwa Petro Safari Tluway. Wa tatu hakusoma; akifika ukubwani kujiandikisha anatumia jina lake na la baba, naye anakuwa Safari. Miaka thelathini baadaye watoto wa Paulo wanaandikwa kwa jina la baba yao, na jina lao la mwisho linakuwa Paulo. Watoto wa Petro ni akina Tluway. Hawa ni binamu wa damu, wa boma moja na tlahhay moja, lakini mgeni akisoma vyeti vyao ataapa kwamba hawahusiani.

Mifano halisi tunayo kwa wanariadha wetu, ambao ndio waliopeleka majina ya ukanda huu mbali kuliko mtu yeyote. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa muda wa 3:32.2. Jina lake kamili ni Filbert Bayi Sanka. Dunia ilichukua jina la katikati, nalo ndilo lililobaki katika vitabu vya rekodi. Fabiano Joseph Naasi, kijana wa Babati, alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005 huko Edmonton, na matangazo mengi yalimwita Fabiano Joseph, kana kwamba Joseph ndilo jina la familia yake. John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa ameumia mguu, yeye jina lake la mwisho lilishika. Watu watatu wa ukanda mmoja na wa mchezo mmoja, na kila mmoja alikatwa mnyororo mahali pake.

Liko pia suala la tahajia. Kiiraqw kina sauti ambazo herufi za Kiswahili hazikuziandalia nafasi: sl, tl, hh, x, q na qw. Dkt. Wilbrod Slaa, mbunge wa Karatu kuanzia 1995 hadi 2010, amelizoesha taifa kuona sl mwanzoni mwa jina. Wengi hawakubahatika hivyo. Karani asiyeijua sauti hh anaandika h moja, na x inageuka kh au h. Ndugu wawili wanaweza kuwa na jina moja la babu likaandikwa kwa namna mbili, na mashine ya kutafuta majina haiwezi kujua kuwa ni lile lile.

4. Ole, Gida na majina yasiyotajwa

Kwa Wamaasai wa Ngorongoro mnyororo una kiungo kinachoonekana. Ole humtaja mwanamume kuwa ni wa baba au wa familia fulani. Marehemu William Tate Olenasha, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro na naibu waziri, jina lake liliandikwa Olenasha kwa neno moja na pengine Ole Nasha kwa maneno mawili. Tepilit Ole Saitoti, mwandishi aliyekulia Ngorongoro na ambaye kitabu chake kuhusu maisha ya moran, yaani shujaa wa Kimaasai, kilichapishwa Marekani mwaka 1986, anaweza kutafutwa maktaba chini ya O au chini ya S. Edward Moringe Sokoine wa Monduli tumezoea kumtaja bila ole. Ugumu unazidi kwa binti: sarufi ya Kimaasai inampa kiungo chake cha kike, lakini ofisini naye huandikiwa ole ya baba yake. Wakati huohuo olgilata, yaani ukoo wenyewe, kama vile Ilmolelian, Ilaiser au Ilukumai, haumo kwenye cheti.

Wadatoga, majirani zao, wana alama nyingine. Majina mengi ya wanaume huanza na Gida na ya wanawake na Uda. Gidamis Shahanga, mshindi wa marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, alibeba alama hiyo katika jina lake la kwanza. Alama hii inataja jinsia tu. Ukoo wa Kidatoga, dosht, nao unabaki kwenye midomo ya wazee.

Hapa nawaomba tutulie kidogo, kwa sababu jambo linalofuata linahusu heshima ya watu. Kwa mila ya Kidatoga, mke hatamki jina la baba mkwe, wala maneno yanayofanana nalo kwa sauti. Wamaasai nao wana mwiko wa kulitaja jina la marehemu ovyo. Mama wa Kidatoga kutoka bonde la Eyasi anafika zahanati na mtoto mchanga, na karani anamuuliza jina la babu wa mtoto. Anachoombwa kwa kawaida tu ndicho mila yake inachomkataza. Atanyamaza, au atatoa jina jingine. Karani ataandika alichosikia, na mtoto ataishi na jina hilo hadi pasipoti. Mama huyo hakukosea. Utaratibu ndio haukumfikiria.

5. Mtawanyiko

Majina yetu yamesafiri sana hata kabla ya ndege. Wairaqw walitoka Irqwar Da'aw, nyanda za juu za Mbulu, wakapanda kaskazini katika karne ya 20 hadi Karatu, Rhotia, Mbulumbulu na Endabash. Wadatoga waliishi ndani ya kreta ya Ngorongoro kabla ya Wamaasai kuwaondoa katika karne ya 19. Mwaka 1959 Wamaasai waliotoka Serengeti walihamishiwa eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lililoanzishwa mwaka huo. Tangu 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera wilayani Handeni, katika zoezi lililozua mjadala mkubwa nchini na nje. Vizazi vijavyo vya akina ole vitakuwa vya watu wa Mkoa wa Tanga, na mtafiti wa mwaka 2080 atataka kujua walifikaje huko.

Mipaka nayo imegawa majina. Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu hadi miaka ya 1990, na Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002 Mbulu ikaenda Manyara, Karatu ikabaki Arusha. Ndugu wa tlahhay moja wamo sasa katika takwimu za mikoa miwili.

Tusidhani pia kwamba jina linathibitisha kabila. Koo kadhaa za Wairaqw zinasimulia kwamba waanzilishi wao walikuwa Wadatoga au watu wa makabila ya Singida, na ndoa kati ya majirani hawa ni za miaka mingi. Jina lenye Gida katika kijiji cha Kiiraqw linaonyesha mahusiano, na kazi ya mtafiti ni kuuliza ni mahusiano gani.

6. Gharama kwa mwananchi

Haya si mambo ya wasomi peke yao. Mzee akifariki, watoto wenye majina tofauti ya mwisho hufika mahakamani kufungua mirathi na kutakiwa wathibitishe kwamba ni ndugu. Kijana ambaye cheti cha kuzaliwa, cha shule na kitambulisho cha taifa cha NIDA havifanani huenda kwa wakili kula kiapo. Anayeomba mkopo wa elimu ya juu au pasipoti hukwama kwa herufi moja ya h. Kila kiapo ni fedha, nauli na siku za kazi zilizopotea, na anayelipa zaidi ni anayetoka mbali: Endulen, Nainokanoka, Mang'ola.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila familia iamue kwa kikao jina lake la mwisho kabla ya kumwandikisha mtoto RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na ndugu wote walishike hilo hilo. Inaweza kuwa la babu au la ukoo. Muhimu ni makubaliano na maandishi.

Pili, kila boma liwe na daftari la nasaba lenye safu nne: mnyororo wa majina, ukoo wa baba, ukoo wa mama, na mahali familia ilipotoka. Ukoo wa mama usiachwe. Bila huo hatujui nusu ya tulikotoka.

Tatu, majina ya Kiiraqw yaandikwe kwa tahajia ya Kiiraqw inayotumiwa na wasomi wa lugha hiyo, na watendaji wa vijiji na makarani wa zahanati wafundishwe sauti hizo chache. Ni mafunzo ya siku moja.

Nne, mama wa Kidatoga au wa Kimaasai aruhusiwe kuja na shemeji au mzee atakayelitaja jina badala yake. Hilo halihitaji kubadili sheria, linahitaji maelekezo tu kwa ofisi.

Tano, vijana wetu wanaokwenda nje kusoma, kukimbia au kufanya kazi wafundishwe kujaza fomu kwa kujua. Kisanduku cha jina la familia kikijazwa mara ya kwanza, ndicho kitakachofuatwa na watoto watakaozaliwa huko.

8. Hitimisho

Waitalia walipata jina la kudumu kwa sababu paroko aliandika, akaendelea kuandika. Sisi tuna nafasi ambayo wao hawakuwa nayo, ya kuchagua wenyewe kinachogandishwa na kinachobaki huru. Wazee wanaoweza kutaja mababu saba na tlahhay, olgilata au dosht zao wangali nasi, wengine wamo humu ukumbini. Naomba kila mshiriki, kabla ya mwezi huu kwisha, akae na mzee mmoja wa kwao, aandike mnyororo wake wote, na nakala moja aikabidhi ofisi ya kijiji.