KARANI NA MWILI WAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Rugera)



Hatukuja kusifu ugomvi. Twataka kunena habari za mwili wa karani, ambao twautumia kila siku wala hatuuangalii mpaka ugome.

Mwaka 1861 Mwingereza Speke alipofika hapa Karagwe kwa Omukama Rumanyika, aliona wake wa wakuu wakinyweshwa maziwa ili wanenepe, hata mmoja wao hakuweza kusimama. Unene ule ulikuwa heshima. Sisi hatunyweshwi maziwa na mtu, lakini kiti cha ofisi chatufanyia kazi ile ile. Asubuhi twapanda pikipiki, mchana twakaa, jioni twapanda pikipiki tena. Na wazee wetu walipanda vilima hivi hivi wakiwa na mizigo ya kahawa. Majuzi mmoja wetu alikuwa akipanda kilima kwenda msibani, akaketi njiani mara tatu. Hajafika miaka arobaini. Hatukumcheka, maana kila mara sisi nasi tulifurahi kupata sababu ya kuketi.

Basi twawaletea mfano wa karani mwenzetu. Katika kisiwa cha Okinawa, Japani, alikuwako Itosu Anko, aliyezaliwa mwaka 1831. Kazi yake ilikuwa uandishi katika serikali ya mfalme wa Ryukyu, mpaka ufalme ule ulipofutwa mwaka 1879. Mtu huyu wa kalamu ndiye aliyeingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, ili watoto wapate afya na nguvu. Mwanafunzi wake Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule, alikuwa dhaifu utotoni. Alijifunza, akapata siha, akaishi hata mwaka 1957, akiwa na miaka 88. Nchini kwetu elimu hiyo ilianza kufundishwa Dar es Salaam mwaka 1973 na Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani.

Kwa nini yamfaa karani? Kwanza, haitaki uwanja mkubwa. Kata, yaani mfuatano wa mapigo na vizuizi, mtu huweza kuifanya peke yake uani kwake. Pili, huamsha viungo vile vile ambavyo kiti huvilaza. Kusimama magoti yamekunjwa, kama mtu aliyepanda farasi, hutia nguvu mapajani. Teke hulegeza nyonga. Na pumzi hufuata pigo. Tatu, ina mwalimu na saa yake, na mtu huona haya kukosa huku wenzake wakimngoja. Mazoezi ya upweke hufa wiki ya pili. Twasema hayo kwa kuyajua.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki, au zaidi. Tukikutana jioni mbili, saa moja kila jioni, na nusu saa siku ya Jumamosi, hesabu imetimia.

Lakini yatupasa kuwa na hadhari. Kila mtu apimwe kwanza presha ya damu katika zahanati. Mwalimu awe amehitimu, si mtu aliyejifunza katika sinema. Miezi ya mwanzo pasiwe na kupigana kabisa. Tujifunze kusimama, kupumua na kuanguka bila kuumia. Asikiaye maumivu ya kifua aache mara moja, akamwone mganga. Na mabibi wasiachwe nyuma, kwani nao wamefungwa na kiti kama sisi.

Kwa hiyo twaomba Chama kikubali jambo moja tu: kutafuta mwalimu, na kufungua daftari la majina. Ndugu yetu aliyeketi mara tatu kilimani ameomba jina lake liandikwe la kwanza. Sisi twaomba kuandikwa baada yake.