Kampuni Iliyofilisika na Umma Ulioshangilia



Tumezoea kusema kwamba Wazungu waliletwa huku na tamaa ya mali. Ni kweli, lakini haitoshi. Tamaa ilikuwa ya wachache. Hazina iliyoigharamia ilikuwa ya umma, na umma wa Uingereza ulikuwa na vyama viwili vikubwa, Bunge na magazeti yasiyozibwa mdomo. Sisi tulioshuhudia kifungu cha 2A kikifutwa Desemba 1991 yatupasa kuuliza: ilikuwaje umma huo ukakubali?

Mwaka 1888 Sir William Mackinnon, tajiri wa meli, alipewa hati ya kifalme ili kampuni yake itawale na kufanya biashara Afrika ya Mashariki. Haikupita miaka minne ila fedha zilikuwa zimeishia, nayo ikatangaza kwamba itaihama Uganda. Gladstone, aliyeingia madarakani Agosti 1892 akiwa mzee wa miaka 82, hakuutaka mzigo huo, wala wengi wa mawaziri wake. Kwa hesabu ya duka, shauri lingekwisha hapo.

Halikwisha. Kapteni Lugard alirejea Uingereza mwaka huohuo, akazunguka mji baada ya mji akihutubia. Wenye viwanda walitajiwa masoko. Waumini walikumbushwa wamisionari wao na biashara ya watumwa. Waliohofia mataifa mengine walionyeshwa chemchemi za Nile. Kila mmoja alilisikia lake, na maombi yakaimiminikia serikali kutoka makanisani na kwa vyama vya wafanyabiashara. Siwaiti wote wanafiki. Wengi waliochukia utumwa waliuchukia kwa dhati, na hapo ndipo penye uchungu: nia yao njema ilifanywa punda wa kubeba mizigo ya wenye hisa.

Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1895 ikafuata nchi hii yetu. Mwaka 1896 Bunge likaidhinisha pauni milioni 3 za reli kutoka Mombasa. Kabla ya kazi kumalizika gharama ilikuwa imepita milioni 5. Labouchere na wenzake wachache walipinga Bungeni, wakashindwa kwa kura. Vibarua wa Kihindi wapatao 2,500 walikufa katika kazi hiyo, nao hawakuwa na kura.

Na ile kampuni iliyofilisika? Iliondoka na fidia ya pauni 250,000. Katika hizo, hazina ya Uingereza ilitoa 50,000 tu. Zile 200,000 zilichotwa katika fedha za Zanzibar, ambazo Sultani alikuwa amelipwa na Wajerumani kwa kuutwaa mwambao wa kusini. Zanzibar haikuwa na mbunge hata mmoja wa kuisemea huko London.