Nyama na Vitunguu vya Napoli

Mjini Napoli, kusini mwa Italia, hupikwa mchuzi uitwao Genovese, yaani wa Genova, ingawa katika mji wa Genova kwenyewe si chakula cha desturi. Jina hilo limezua ubishi usiokwisha.

Ajabu yake, msikilizaji, ni vitunguu. Kwa kilo 1 ya nyama ngumu ya ng'ombe, mpishi hukata kilo 2 za vitunguu. Nyama hukaangwa kwanza kwa mafuta ya zeituni mpaka igeuke rangi, ndipo vitunguu na karoti kidogo vinapotiwa. Maji hayahitajiki sana, kwani vitunguu hutoa yake. Sufuria hufunikwa, moto ukawa mdogo mno, kwa saa 3 au zaidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: njaa ikiwazidi huchochea moto, vitunguu vikaungua na uchungu ukaenea sufuria nzima, hauponyeki tena. Wengi hutia mvinyo mweupe. Asiyeutumia na auache, mchuzi hautaharibika.

Vitunguu vikishakuwa rojo la rangi ya asali, huchanganywa na ziti, tambi nene zenye tundu zilizovunjwa kwa mkono. Nyama huliwa baadaye, peke yake.