Picha ya Mfanyakazi na Jina Lake

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika, Mpendae, Unguja



Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu umezoeleka katika hesabu za fedha na bidhaa. Leo utumike kwa jambo jingine, nalo ni picha ya mtu aliye kazini.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ziliuzwa mjini Unguja kadi za posta zenye picha za wachukuzi wa bandarini na wachumaji wa karafuu. Chini ya picha kwa kawaida iliandikwa kazi yao, si majina yao. Mjukuu akiishika kadi hiyo leo, ataiona mikono na karafuu zilizoanikwa, wala hatajua kwamba huyo ni babu yake.

Hali hiyo haikuwa ya visiwani peke yake. Mwezi Machi 1936, Dorothea Lange, mpiga picha wa serikali ya Marekani, alifika Nipomo, California, katika kambi ya vibarua wachumaji wa njegere. Mazao yalikuwa yameharibiwa na baridi, na watu walikuwa na njaa. Akampiga picha mama mmoja pamoja na wanawe, bila ya kumwuliza jina. Habari zilipotoka gazetini, chakula kilipelekwa kambini, lakini mama yule alikuwa amekwisha kuondoka. Picha ikaenea duniani. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana mwaka 1978, naye akalalamika kuwa picha ile haikumfaidia kitu.

Mwaka 1942, mjini Washington, Gordon Parks alifuata njia nyingine. Kabla ya kumpiga picha Ella Watson, aliyekuwa akisafisha ofisi za serikali, alimwuliza habari za maisha yake. Akampiga picha ameshika ufagio mbele ya bendera, kisha akamfuata nyumbani na kanisani. Jina lake likaandikwa katika maelezo ya baadhi ya picha hizo.

Ndugu Makatibu, jambo hili linavihusu vyama vyetu. Hutokea mjane akafika ofisini kudai hisa za marehemu mumewe, na daftari la wanachama limeliwa na mchwa. Picha ya waanzilishi ipo ukutani, na marehemu yumo, lakini hakuna aliyebaki wa kumtaja. Haki ya mjane inakwama hapo.

Kwa hiyo, picha ipigwe kwa ridhaa ya mwanachama. Nyuma yake yaandikwe majina kuanzia kushoto, kazi, mahali na tarehe. Nakala moja apewe mwenyewe, na nyingine iwekwe katika jalada. Picha za simu nazo zichapishwe na kuandikwa vivyo hivyo.

Fundi seremala wa Mpendae na mama mkulima wa mwani wa Paje wote wana majina. Kuyaandika ni wajibu wa katibu.